Kitabu Alichochaguliwa Fundi Bomba

Jamani, nawaletea kisa cha nyumba iliyokuwa na raha zake, mpaka mwenye nyumba alipoivuruga kwa kusoma. Msininukuu vibaya, kusoma ni kuzuri. Nisikilizeni kwanza.

Fundi bomba na mkewe, dobi wa hospitali, walikuwa na mazoea yao. Jioni mke alitumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, mume akamsomea kwa sauti kitabu alichoazima maktaba ya umma. Mke akicheka, maji yanamwagika sakafuni, na fundi anajifanya kukasirika.

Kila Jumamosi fundi alikwenda kwenye kundi la wasomaji watu wazima pale maktaba. Lilikuwa na desturi yake: mwisho wa mazungumzo, mkutubi, waliyemwita Mama Maktaba, alimpa kila mtu kitabu alichomchagulia, kikiwa kimefungwa kwa gazeti ili watu wasigombanie majalada.

"Mama Maktaba habahatishi," mwalimu mstaafu alimnong'oneza fundi siku moja. "Anakupa kile unachopaswa kukijua."

Fundi alikifungua chake nyumbani. Ilikuwa riwaya ya mwanamke anayemsaliti mumewe. Anarudi jioni akinukia, anaimba chini chini jikoni, na mtaa mzima unajua isipokuwa mume. Kwa nini apewe yeye? Mama Maktaba ameona nini?

Jioni hiyo mkewe alirudi akinukia. Akaingia jikoni, akaanza kuimba.

"Leo husomi?" aliuliza mke.

"Hiki si kitabu cha kumsomea mtu."

"Basi nisimulie."

"Kisa chake unakijua wewe."

Mke alimtazama asielewe. Wala fundi mwenyewe hakuelewa. Alimpenda na kumwogopa kwa wakati mmoja. Yule wa kitabuni na huyu wa jikoni walimchanganyikia kichwani, hata akawa hana hakika ni yupi aliyesema neno gani. Alisoma kwa siri, akitafuta katika kila ukurasa kosa la mkewe, na maskini, hakukosa kuliona.

Mwishowe likamtoka: "Huyo mwanamume ni nani?"

Mke alicheka, akidhani anataniwa. Alipoona uso wa mumewe, alikusanya nguo zake akaenda kwa dada yake.

Fundi alikimbilia maktaba, kitabu kwapani. "Mama, niambie ukweli. Unajua nini kuhusu mke wangu?"

"Mke wako? Simjui hata kwa sura."

"Sasa kitabu hiki ulinipa cha nini?"

Mama Maktaba alikifunua. "Si ulilalamika macho yanakusumbua? Hiki kina herufi kubwa."

Fundi alitaka kucheka, akashindwa. Alifika kwa shemeji yake jasho linamtiririka, akaeleza yote pale mlangoni: kitabu, harufu, nyimbo.

"Harufu ni ya sabuni mpya ya mashuka ya wagonjwa," mke alisema. "Na kuimba naimba tangu uliponioa. Ulikiuliza kitabu, ukamuuliza mkutubi. Mimi nilikuwa hapo hapo nyumbani, na nilichopata ni hukumu."

"Nimekosa, mke wangu. Twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Ukiniangalia sasa, sijui unamwona nani."

Hata fundi mwenyewe hakuwa na hakika anamwona nani. Shemeji alimtazama kwa huruma, kisha akafunga mlango polepole.

Funzo

Ndugu zangu, shaka isiyo na msingi huvunja nyumba. Jiungeni na makundi ya wasomaji, someni riwaya mpaka macho yachoke, lakini msimfunge mwenzenu kwa makosa ya mtu wa kubuniwa. Kitabu kizuri kitakusaidia kumwelewa mkeo au mumeo, ila hakiwezi kumjibia. Shaka ikikuingia, muulize mwenyewe, kwa upole, wakati bado mnalala nyumba moja.