Kipande cha Pili cha Doti

Simu ya Husna ilianza kuita wakati ninafunga duka langu, Mtaa wa Sikukuu. Husna ana duka jirani na langu; aliisahau kwenye chaji ya barazani, na Idrisa, mlinzi wetu wa usiku, alikuwa ameishika kama kitu cha moto.

"Mama yake huyu, anapiga tu. Mpelekee, dada Anifa. Si shoga yako?"

"Alikuwa."

Idrisa akacheka. "Wivu huo!"

Na ni yeye aliyeuwasha. Akija kazini hupita darajani, juu ya kile kijito cha nyuma ya Upanga, na mwezi uliopita aliniambia amemwona Husna akiogelea na mwanamke mwingine. Wamevaa sare, kanga za korosho nyekundu. Yule mwingine alimwona mgongo tu.

Kijito kilikuwa chetu, mimi na Husna. Baada ya kazi tulitembea njia ya mikoko, tukakwea mwamba wa matumbawe, na maji yakijaa tukajirusha. Kanga ya korosho nyekundu nayo ilikuwa yetu. Doti moja, kipande changu, kipande chake. Nilipokuwa naikata kwa wembe alinitekenya, mkato ukaenda upande, na tukakubaliana tusishone pindo. Aliyetangulia juu ya mwamba aliunga vipande vyote viwili kwa fundo, akavifunga mtini, akamshushia mwenzake ashikilie.

Sasa kamnunulia mwingine doti kama ile? Sikumuuliza. Nilimnunia. Akinisalimia dukani, nageukia wateja.

Nikatupia kipande changu begani, nikachukua simu, nikaenda kijitoni.

Jua lilishazama nyuma ya maghorofa. Ndani ya mikoko kelele za mji zilipungua, kisha zikakatika ghafla, kama mtu kafunga mlango. Harufu ya tope. Kaa wakikwaruza mizizi... Halafu kicheko.

Vicheko viwili.

Kimoja cha Husna. Cha pili nacho nilikijua, ila sikukumbuka nimekisikia wapi. Kiliniuma. Ndivyo tulivyokuwa tukicheka sisi.

Husna alikuwa majini, yamemfika kiunoni, chini ya mwamba. Mbele yake zilining'inia kanga mbili zilizofungwa fundo. Juu, chini ya mti, mtu ameketi, kanipa mgongo.

"Panda, shoga," akasema yule wa juu. Taratibu. Kwa upendo.

Husna akaweka mguu kwenye jiwe.

"Husna!"

Akageuka. Akanitazama. Akatazama juu. Akanitazama tena.

"Anifa," akanong'ona, "umeshukaje?"

"Sijapanda. Ndiyo kwanza nafika."

"Acha utani wako. Mwezi mzima tuko wote hapa. Mchana unaninunia, jioni nakukuta umeshatangulia, unacheka. Nikasema huyu hasira zake za dukani anaziacha dukani."

"Mwezi huu sijakanyaga hapa, Husna."

Upepo ukashuka kutoka mwambani, ukaleta harufu ya udi. Udi wangu, ninaouchanganya mwenyewe.

"Mwongo huyo," ikasema sauti ya juu.

Sauti yangu.

Husna akarudi nyuma. Alijitenga na mimi, si na mwamba. Sikuweza kumlaumu. Kwa mwezi mzima ni yule aliyemchekea, si mimi.

Nikaingia majini na nguo zangu, simu nimeibana kifuani. Kanga ya chini ilikuwa yake. Nikaikamata ncha, nikailaza juu ya kiganja, nikaisogezea ncha ya kanga yangu. Mkato uliokwenda upande ukakutana na mwenzake. Korosho iliyokatwa katikati ikawa korosho nzima.

Husna akapitisha kidole pale.

"Basi ile ya juu... ni ya nani?"

Kanga ikaniponyoka. Ikaanza kupanda mwamba, polepole, ikivutwa na mtu asiye na haraka.

Tulikimbia. Nyuma yetu mtu alikuwa analia, na alilia kwa sauti yangu.

Mama yake Husna alisema ni jini wa kijitoni, hujipenyeza palipo na watu walionuniana. Wengine wakasema katumwa. Mimi sijui. Huenda alikuwa mpweke tu.

Siku hizi mimi na Husna tunafunga maduka pamoja, tunakwenda kwa mama yake Ilala, tunakunywa chai. Kijitoni hatuendi. Juzi Idrisa alifika kazini anatabasamu.

"Naona mmepatana. Nimewapita sasa hivi mnaogelea, kanga zenu za korosho! Mmefikaje huku kabla yangu?"

Husna akanishika mkono.

"Tulikuwa wangapi?" nikauliza.

"Wawili. Wewe na yeye."

"Tulikuwa tunacheka?"

"Mpaka darajani nasikia."

Hofu ilikuja, ndiyo. Lakini kuna kitu kiliitangulia. Nikamgeukia Husna. Alikuwa anatazama upande wa kijito, na uso wake ulikuwa na wivu kama wangu.