Jina la Pili la Ismahan

Kila asubuhi saa mbili kamili, kabla hata ya kuvua sweta, Mutanu alipiga simu sita. Alikuwa afisa wa ustawi katika shirika dogo mjini Wote lililowapokea wanafunzi kutoka nchi za nje, wote chini ya miaka kumi na minane, na kuwatafutia nyumba za kukaa kwa muhula mmoja. Maswali yake yalikuwa yale yale. Mtoto amelala vizuri? Amekula? Kuna mgeni aliyekuja nyumbani? Wenyeji walikuwa wameyazoea hivi kwamba wengine walijibu kabla hajauliza.

Jumatatu hiyo simu nne za kwanza zilikwenda kama kawaida. Ya tano ilikuwa ya Kavindu, mjane anayeuza vitambaa katika soko la Mukuyuni. Nyumbani kwake alikaa Ismahan, msichana Msomali wa miaka kumi na sita kutoka Hargeisa.

"Mama Nzioka, habari ya asubuhi. Ismahan amelala vizuri?"

Kavindu akasema, "Mwanangu, unaniuliza mimi? Si mlimchukua jana?"

Kalamu ya Mutanu ilisimama juu ya daftari. "Nani alimchukua?"

"Ofisi! Barua yenu ninayo hapa, na mhuri."

Mutanu alipiga namba ya Ismahan mara tatu. Haikupatikana. Akasimama, akavuka ukumbi na kubisha mlango wa mkurugenzi.

Bwana Muthama alikuwa akinywa chai. "Kwani umeona jini? Keti kwanza."

"Bosi, Ismahan hayuko kwa Mama Nzioka."

"Aa, huyo. Si wiki ya mapumziko ya shule? Baba yake mdogo alikuja hapa Ijumaa, wewe ukiwa huko Kiboko kukagua nyumba. Akaomba kukaa naye wiki hii. Nikamwandikia barua."

"Anakaa wapi huyo baba mdogo?"

"Hawa watu wana ndugu kila mahali, Mutanu."

"Ulimpigia mzazi kwanza? Utaratibu unasema..." Sauti yake ilikuwa imeanza kufifia kama kawaida yake.

"Utaratibu niliuandika mimi," Muthama alisema, akiweka kikombe chini. "Kitambulisho chake nilikiona kwa macho yangu. Jina nililinakili hapo hapo. Unataka nini zaidi?"

Alitaka namba ya simu ya mtu huyo, lakini Muthama hakuwa nayo. Mutanu alirudi mezani kwake na kumpigia mama yake Ismahan huko Hargeisa. Mama huyo, Mulki, alijua Kiingereza kidogo tu, lakini maneno matatu aliyoyasema yalitosha: hakuna ndugu Kenya. Aliyarudia, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, mpaka yakawa kilio.

Saa mbili na nusu Mutanu alikuwa kwenye dawati la watoto la polisi, mbele ya Sajini Ndinda, mama mnene mwenye macho yasiyopepesa.

"Mtoto wa watu ametolewa nyumbani tangu jana, na bosi wako anakunywa chai?" Ndinda aliuliza. Alichukua kofia yake. "Twende Mukuyuni."

Walifika kwa Kavindu saa tatu na dakika ishirini. Nyumba ilikuwa kama Mutanu alivyoikagua mwezi wa kwanza: chumba cha msichana kilikuwa karibu na cha mwenyeji, na mlango wake ulikuwa na komeo la ndani. Lakini chini ya kiti sebuleni palikuwa na viatu vya mwanamume, vikubwa, vyenye vumbi jipya. Fomu ya nyumba hiyo ilisema hakuna mwanamume anayeishi pale.

"Hivi ni vya nani?" Ndinda aliuliza.

Kavindu aliinama. "Vya mwanangu Nzioka. Alikuja kutoka Mombasa Jumamosi."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Hajalala hapa hata usiku mmoja! Nilimwambia huku kuna mtoto wa kike wa watu, aende kwa shangazi yake. Alibadilisha viatu tu, akaenda."

Ndinda alitoka, akavuka shamba la mbaazi, akarudi baada ya dakika kumi. Shangazi na majirani wawili walisema neno moja: Nzioka alikuwa huko tangu Jumamosi jioni, na jana mchana kutwa alikuwa juu ya paa la zizi akipigilia mabati.

"Haya, Mama," Ndinda alisema kwa upole zaidi. "Jana. Tangu mwanzo."

"Saa tisa kamili alikuja mwanamke na gari dogo jeupe. Amevaa buibui jeusi, uso wazi. Akasema ni mke wa baba mdogo, na mzee yuko njiani anasubiri. Akanipa barua."

Ilikuwa fupi, imepigwa chapa kwa Kiswahili, kama barua zote za ofisi kwa wenyeji. *Mwanafunzi Ismahan Abdiwahab Mohamedamin aruhusiwe kwenda na baba yake mdogo, Mahamud Abdiwahab, hadi Jumapili ijayo.* Mhuri ulikuwa wa Ijumaa.

"Ismahan alisema nini?" Mutanu aliuliza.

"Alisoma, akacheka kidogo. Akasema, 'Mama, hapa wameandika kaka.' Nikamwambia, soma vizuri, mtoto, wameandika baba mdogo. Akasema tena, 'Hapana, ni kaka, na mimi sina kaka.'" Kavindu alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Nikamwambia ofisi haiwezi kukosea. Akaniangalia, akaenda kuchukua begi."

Mutanu aliisoma barua mara ya pili. Neno kaka halikuwemo popote.

"Huyo mwanamke aliongea vipi?"

"Kiswahili kama chetu. Na alipoondoka aliniambia *muvea*. Nikaona ana heshima, amejifunza kushukuru kwa Kikamba."

"Wasomali wengi wa soko hili wanaongea Kikamba kukushinda wewe," Ndinda alisema. "Hilo peke yake si kitu."

Simu ya Mutanu ililia. Alikuwa Muthama, na safari hii hakuwa mtulivu. "Nimefikiri. Tumedanganywa na tapeli. Si kuna Mahamud anayeuza mbuzi hapo Mukuyuni? Mwambie polisi amkamate. Hawa wanajuana wenyewe kwa wenyewe."

"Bosi, ulimwona Ijumaa. Ni huyo?"

"Wanafanana wote! Wewe mkamatishe tu."

Mutanu alikata simu bila kuaga. Hakuwa amewahi kumfanyia mtu yeyote hivyo.

Hata hivyo Ndinda alitaka kumsikia muuza mbuzi huyo, Mahamud Hirsi; walimkuta kwenye mnada wa mbuzi saa nne na robo. Alikuwa mtu wa makamo mwenye ndevu zilizopakwa hina, na habari zilikuwa zimemfikia kabla yao. Watu walikuwa wamemzunguka. Mwanamke wa kuuza maharagwe alipaza sauti, "Mwulizeni mtoto amempeleka wapi!"

"Miaka kumi na tisa nanunua mbuzi zenu," Mahamud alimjibu kwa Kikamba safi, kisha akamgeukia Ndinda kwa Kiswahili. "Afisa, jana nilikuwa Kitui kwa mazishi ya jirani, na watu mia mbili waliniona. Nipe hiyo barua."

Aliisoma. Akatoa kicheko kikavu kisichokuwa na furaha.

"Nani ameandika huu upuuzi?"

"Kwa nini upuuzi?" Mutanu aliuliza.

"Dada, sisi hatuna jina la ukoo kama la Wazungu. Jina la pili ni la baba yako. La tatu ni la babu yako. Msichana ni Ismahan, binti ya Abdiwahab, mwana wa Mohamedamin. Sawa? Sasa ndugu ya baba yake ataitwaje?"

Mutanu alifikiri. "Mahamud... Mohamedamin."

"Walahi umefaulu. Na Mahamud Abdiwahab ni nani?"

"Mtoto wa Abdiwahab." Aliitazama barua tena. "Kaka yake."

"Msomali tapeli atadanganya mambo mengine yote, lakini hapo hakosei. Hata mtoto wa chekechea hakosei."

Mutanu aliketi juu ya jiwe lililokuwa karibu. Ismahan alikuwa ameiona kasoro hiyo mara moja, akaisema, na watu wazima wakamwambia asome vizuri. Sasa mambo yalikuwa yakijipanga, na hakupenda yalivyojipanga. Bosi alisema amelinakili jina kutoka kwenye kitambulisho. Lakini katika familia ya Ismahan hakukuwa na mtu wa jina hilo. Mtoto alisema hana kaka, na fomu yake ilitaja dada wanne tu. Tapeli Msomali asingetunga jina kama hilo. Aliyelitunga alidhani Abdiwahab ni jina la ukoo, na Mutanu alimjua mtu mmoja aliyedhani hivyo: yule aliyeandika kwa mkono wake *Familia ya Abdiwahab* juu ya faili ya Ismahan, na aliyemwita mama yake "Bi. Abdiwahab" kwenye simu mpaka mama wa watu akachoka kumsahihisha.

"Sajini," alisema polepole, "hakukuwa na kitambulisho. Hakukuwa na baba mdogo. Na *muvea* ya yule mwanamke haikuwa ya kujifunza. Ilimtoka tu. Ni Mkamba."

Ndinda alifungua daftari lake. "Sema jina."

"Pengine... nisiseme kwanza. Tumtafute mtoto."

Mahamud alikuwa tayari na simu mdomoni, akituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la madereva wa malori ya mifugo. Jibu lilikuja baada ya dakika ishirini, la mtu mwenye hasira. Mahamud alilitafsiri: "Anasema leo asubuhi amekunywa chai hoteli moja Mtito Andei. Amehudumiwa na mtoto anayeongea Kisomali cha Hargeisa. Amemwuliza wewe ni binti wa nani, mama wa kaunta akamfukuza mtoto jikoni."

Walisafiri wanne katika gari la polisi: Ndinda, Mutanu, Mahamud, na Kavindu aliyekataa katakata kubaki. Kabla ya kuondoka Ndinda alimpigia Muthama: aje Mtito Andei kumtambua mshukiwa; hakumtajia hoteli wala mtoto. Saa saba na dakika hamsini waliegesha nyuma ya malori, mbele ya hoteli aliyoitaja dereva, yenye vyumba vya kulala ghorofani.

Ismahan alikuwa amebeba trei ya vikombe, aproni imefungwa juu ya hijabu yake ndefu. Wanaume kumi na zaidi walikuwa mezani. Mmoja alikuwa akimpigia mluzi.

"Weka hiyo chini, mama," Mutanu alimwambia. "Weka tu chini."

Msichana aliiweka. Hakulia. "Madam, leo asubuhi nilisubiri simu yako. Mama wa hapa alichukua simu yangu. Hakuna mtu aliyeniuliza kama nimelala."

"Na ulilala?"

"Hapana. Mlango haufungi kwa ndani. Nilisukuma magunia ya mchele mlangoni, nikakaa juu yake."

Kavindu alitoa sauti kama mtu aliyechomwa, akamfunika msichana kwa leso yake, mabega na yote. "Nisamehe. Ulinisomea, nikakataa kusikia."

Mama wa kaunta hakuwa na buibui leo, lakini Kavindu alimnyooshea kidole bila kusita: "Ni huyu." Mutanu alitazama ukutani nyuma yake, kwenye leseni ya biashara iliyotiwa fremu. *Mmiliki: Nthiwa Muthama.*

Mwenye jina hilo la pili, mkurugenzi, aliingia baada ya nusu saa, akitabasamu, funguo za gari dogo jeupe zikining'inia kidoleni. Tabasamu lilianguka alipomwona mkewe ameketi kando ya sajini.

"Mambo yamekuzwa hapa," alianza. "Hakuna aliyemdhuru. Ni wiki moja tu! Wale wa ng'ambo ya barabara wameleta mpishi Msomali, madereva wote wa kaskazini wamehamia huko. Tulihitaji mtu wa kuwasemesha. Kwani kwao hapiki chai? Hayo ni mafunzo ya kazi."

"Mbona hukuandika mafunzo kwenye barua?" Ndinda aliuliza. "Mbona baba mdogo?"

Muthama alimtazama Mutanu. "Kwa sababu nyumba mpya lazima huyu aikague na kutia sahihi. Na huyu kwa komeo tu ataandika kurasa mbili."

"Ukaniita mimi mwizi," Mahamud alisema.

"Nilitaja jina tu. Mahamud wako elfu."

"Lakini ulitaka nikamatwe mmoja."

Ndinda aliinuka na pingu. Muthama akashusha sauti, kama mtu anayeongea na mtoto wake. "Mutanu, wewe una akili. Kuna watoto wengine watano. Hii ikitoka, shirika limekufa, na wewe huna kazi. Mwambie mama yake barua ilikosewa tu. Umempata mzima, si ndiyo? Basi."

Mutanu alitoa simu yake. Alipiga namba ya Hargeisa na kumpa Ismahan simu. Mama na mtoto waliongea muda mrefu, wakilia wote wawili. Kisha Ismahan alimpa Mahamud simu, naye akasikiliza, akamgeukia Mutanu.

"Anashukuru. Anauliza ni nani aliyemchukua binti yake. Nimwambie nini? Barua ilikosewa?"

Madereva walikuwa wameacha kunywa. Muthama, mikono imefungwa pingu nyuma, alikuwa akitikisa kichwa taratibu: usiseme. Mutanu alihisi sauti yake ikitaka kujificha pale inapojificha siku zote, na akaivuta kwa nguvu.

"Mwambie haikukosewa. Binti yake aliibwa. Na aliyemwiba si tapeli wa barabarani. Ni ofisi yangu, iliyomwahidi kwamba mtoto atakuwa salama."

Mahamud alisita. "Ofisi yako? Niseme hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Usipunguze hata neno moja."