Mbona Inaonyesha Imejaa?

Hivi wewe, umewahi kumwachia mtu usiyemjua pawabenki yako aichaji, ukaenda kulala? Usijibu haraka. Nyakanazi watu wanafanya hivyo kila siku. Dereva anashuka kwenye lori, anaacha simu na pawabenki kibandani, anapewa kikaratasi chenye namba, anakula wali wake, anajilaza gesti saa mbili tatu, anarudi na kikaratasi. Taa nne zinawaka, maana yake imejaa. Anashukuru, anaondoka. Nani ana muda wa kufungua ndani aone?

Kibanda cha Venance kilikuwa maarufu kuliko vyote pale njia panda, kwa sababu Venance mwenyewe alikuwa maarufu, au tuseme alijitahidi sana awe. Alikuwa na chaneli mtandaoni, wafuatiliaji mia nne na kumi na wawili, hedifoni shingoni hata kanisani, na alijiita balozi wa teknolojia wa Kanda ya Ziwa. Nani alimteua, hakuna aliyeuliza. Mwezi wa kumi alikwenda Guangzhou kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki, akajirekodi siku tano, asubuhi hadi jioni, akarudi na mabegi mawili: spika ndogo zisizo na waya, saa za kupima mapigo ya moyo, visikilizio vya kila rangi. Watu walipanga foleni kushika tu.

Siku ya tatu, mkewe Odeta alikuta udongo juu ya kabati la vioo.

"Baba Konso, umepanda humu na viatu?"

"Kwenye vioo, Odeta? Mimi paka?"

Ulikuwa udongo mwekundu, kama kijiko kimoja, umelowa. Akaufagia. Kesho yake vilikuwa vijiko viwili, na ulinuka dizeli.

Kisha wateja walionunua wakaanza kurudi. "Fundi, hii kitu inaonyesha mia kwa mia, nikiigusa tu inazima." Venance akachukua bisibisi, akafungua spika ya kwanza, na udongo ukamwagikia mapajani. Akachukua nyingine iliyokuwa bado kwenye boksi lake, imefungwa na nailoni ya kiwandani. Udongo. Odeta alimwona akijifuta mikono kwenye suruali, akijifuta, akijifuta, muda mrefu baada ya mikono kuwa safi, na akafikiri maskini mume wangu, Wachina wamemwibia.

Jirani yao Scholastika, muuza vitenge, alikuwa na maelezo yake. "Hilo ni jini la Kichina. Limepanda naye ndege."

"Sasa litatolewaje?" mtu akauliza. "Si halijui Kiswahili?"

"Mtafute mkalimani!"

Walicheka. Walicheka mpaka Jumamosi.

Jumamosi saa kumi alasiri, Konso, yaani Consolatha, binti yao wa pekee mwenye miaka saba, alikuwa akiruka kamba mbele ya kibanda. Akasimama. Hakuanguka, hakulia. Alisimama tu na kamba mkononi, macho wazi, kama kitu kilichozimwa. Odeta alipomgusa, alikuwa baridi. Alilala hivyo hadi alfajiri, kisha akaamka mzima, akaomba uji, akaimba, akamtania baba yake. Saa nane mchana akazima tena. Jumatatu ilikuwa saa sita. Jumanne saa nne. Kituo cha afya walipima wakasema malaria hakuna, damu iko vizuri, mtoto apumzike. Odeta hakuhitaji daktari wa kumfundisha hesabu hiyo: kila siku mtoto wake alijaa kidogo zaidi ya jana upande wa kifo, na kabla ya wiki kwisha kungekuwa na asubuhi ambayo hataamka kabisa.

Jumatano alikaa macho dakika arobaini. Wakamlaza nyuma ya kibanda, juu ya mkeka, jua kali nje, malori yakinguruma barabarani, na Odeta alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi pale aliposikia mchirizo, mdogo, laini, kama mchanga unaopita kwenye chujio, ukitoka kabatini, ukitoka kwenye rafu, ukitoka ndani ya kifua cha mtoto, na harufu ya dizeli ikapanda mpaka macho yakamwasha, na mdomo wa Konso ukafunguka bila midomo kucheza na ndani yake ikatoka sauti ya mwanamume mzima, mchovu, sauti ya mtu aliye mahali ambapo mtandao unakatika, na spika zote kumi na sita, zimezimwa, nyingine bado kwenye maboksi yake, zikasema naye neno kwa neno:

"Haloo? Haloo, mchumba. Baba yuko? Mwulize... mbona inaonyesha imejaa?"

Odeta aliacha kupepea. "Hiyo sauti naijua."

"Mawimbi yanaingiliana," Venance alisema. "Spika zimeshika redio ya lori."

"Redio imeingiaje kwa mwanangu? Huyo ni Mashimba."

Mashimba alikuwa dereva wa Geita, mtu mkubwa mwenye kicheko, ambaye kila akishusha vitu vyake vya kuchaji alimwita Konso mchumba na kumwachia muwa. Mwishoni mwa mwezi wa tisa lori lake lilitumbukia korongoni mbele ya Lusahunga. Walimpata siku ya tatu, miguu imebanwa, kucha zimejaa udongo alioufukua. Daktari alisema aliishi siku mbili. Simu ilikuwa mkononi, imezima, imechomekwa kwenye pawabenki. Polisi alipoibonyeza, taa nne ziliwaka.

Scholastika alileta nabii kutoka Biharamulo. Nabii alivaa suti nyeupe na alimkemea jini kwa Kiingereza, nadhani kwa kuwa Kichina hakujua. Alipopuliza kipaza sauti chake kukijaribu, udongo ukamrukia mdomoni. Sala haikuisha.

Alhamisi alfajiri walikodi gari hadi Murukulazo, kwa Bi Speciose, mganga. Walimkuta anapalilia maharage. Alinawa mikono bila haraka.

"Shikamoo, mama," Odeta alisema, akipiga magoti na mtoto mikononi.

"Marahaba. Mlete ndani."

Hakuwasha kitu, hakufunga kitambaa chekundu. Walipokwisha kumsimulia yote, aliweka kiganja kifuani kwa Konso akasikiliza. "Leo ameamka?"

"Dakika tatu. Alisema ana njaa. Nikageuka kuchukua chupa ya uji..." Odeta hakumaliza.

"Watu wanasema ni jini la China, mama," Venance alidakia. "Mimi nilikuwa huko kikazi, kwenye mambo ya teknolojia, na kule kuna..."

"Jini la China halimwiti mtoto mchumba." Bi Speciose hakumtazama. "Mmenisimulia vizuri. Huyu hataki mbuzi wala ubani. Ameuliza swali, anataka jibu. Asipojibiwa anaondoka na anayemjua."

"Swali gani?"

"Mmelisikia wenyewe jana."

Nje kulikuwa na kuku tu. Ndani ule mchirizo ukaanza, sakafuni, kwenye kuta, ndani ya nguo zao, na harufu ikajaa chumba.

"Mbona inaonyesha imejaa?" ilisema sauti kifuani mwa Konso, na safari hii ilikuwa ya mtu anayelia.

"Jamani, mbona ni rahisi," Venance alisema upesi, jasho likimtiririka. "Pawabenki zina feki. Kiwandani wanatoa betri, wanajaza udongo ipate uzito, mtu akibonyeza taa..."

"Venance." Odeta aliongea taratibu sana. "Nani amesema pawabenki ya Mashimba ilikuwa na udongo?"

Venance alijifuta mikono kwenye suruali.

"Polisi hawakuifungua. Ilizikwa naye, mke wake alikataa kuiona. Nani amekwambia?"

Pembeni mwa mdomo wa Konso ulitokeza mstari mwembamba, mwekundu, uliolowa. Odeta aliufuta kwa kidole. Ukatoka mwingine. Akamkumbatia mtoto, akamgeuzia mumewe ule uso mdogo wa baridi, akauweka karibu kabisa na wake.

"Mjibu," alisema. "Mimi sitakuuliza tena. Mjibu yeye."

Venance alivua hedifoni shingoni. Akainama kwenye sikio la mwanawe.

"Haloo," alisema. "Mashimba. Ni mimi, fundi. Nakusikia."

Mchirizo ukakoma.

"Pawabenki yangu iliharibika, na safari ilikuwa karibu. Ningerekodia nini huko? Yako ilikuwa orijino. Uliponiachia ukaenda kulala, niliifungua kwa wembe. Nikatoa betri zote, nikajaza udongo wa nyuma ya kibanda, nikagundisha. Habari zako nilizisikia stendi, kabla ya kupanda basi. Nikapanda." Akaweka hedifoni sakafuni. "Inaonyesha imejaa kwa sababu nilikuwekea betri moja mbovu. Ili taa ziwake."

Mikononi mwa Odeta, mtoto akaanza kupata joto.