Faini ya Makaa ya Tajiri

Kathini alimwona Nyamai stendi ya Makindu, katikati ya wauza machungwa na abiria wanaokimbilia mabasi, na hasira zikampanda papo hapo. Shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vinang'aa! Alikuwa amependeza, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Wewe! Simu yako iliibiwa ama umekatika mikono?"

"Kathini, mpenzi, wacha nikueleze."

"Mpenzi gani? Jumamosi ungeleta mbuzi wa ntheo, posa yetu ya Kikamba, niwe mke wako. Wazee wakakaa wakikungoja, baba akavaa koti la kanisani na joto hili lote. Sema tu jina la huyo mwanamke!"

"Hakuna mwanamke. Ni good conduct."

Nyamai akamvuta kando ya kibanda cha chai, akamweleza. Shule iliyomwahidi kazi ya kuendesha basi ilitaka cheti cha polisi cha tabia njema, nacho kilitoka kikionyesha amewahi kupatikana na hatia. Zamani alishikwa Kyuso na pikapu ya makaa ya tajiri wake, yasiyo na kibali. Tajiri akamwambia akubali kosa, faini italipwa, waende nyumbani.

"Nilidhani ikilipwa imeisha."

"Na makaa hayakuwa yako!"

"Nani hubishana kortini juu ya makaa? Madereva wote hukubali."

"Ngai!" Kathini alishika kichwa. Alichoshwa na tajiri, akachoshwa na serikali, na zaidi ya wote akachoshwa na huyu mwanamume mpole kupita kiasi. Shida ni kwamba alimpenda.

"Wakili anasema naweza kuomba ruhusa ya kukata rufaa, ingawa nimechelewa," Nyamai alisema. "Sasa nije kwa baba yako, mzee wa kanisa, niseme mimi ni mhalifu, na sina kazi?"

"Useme hivyo hivyo." Kathini akapiga simu, akaiweka kwenye spika. "Baba, nimempata Nyamai. Aliwahi kuhukumiwa kwa sababu ya makaa ya tajiri, kazi ya shule imepotea, na bado namtaka."

Nyamai akafumba macho.

"Kijana," mzee akasema, "kwa hakimu ulikubali haraka kosa la mtu mwingine. Kwangu ukashindwa kuja kusema ukweli?"

"Nisamehe, mzee."

"Mbuzi waache kwanza. Kesho uje wewe."

Simu ikakatwa. Nyamai alikuwa anatokwa na machozi mbele ya stendi nzima. Kathini akamfuta kwa ncha ya leso yake, bado amenuna.

"Na kesho wajomba wakikusingizia chochote," akasema, "tafadhali, Nyamai, kataa."