Mkata Video wa Hestnes

Hebu fikiri uko juu kwenye roshani ya ukumbi wa michezo wa Hestnes, kijiji kidogo kando ya ghuba nyembamba ya bahari, huko Norwei. Ni Jumamosi alasiri, mwezi wa Novemba, na nje giza limeshaanza kushuka. Chini yako wasichana wa miaka kumi na minne wanacheza mpira wa mikono, na viatu vyao vinalia sakafuni. Karibu nawe amesimama mwanamke mmoja tu, Gunnvor, nyuma ya kamera yake. Sasa sikiliza simu iliyo mfukoni mwake. Imetetemeka. Ameletewa video ya mechi, imekatwa vizuri, kila bao limekaa mahali pake. Anainua macho kutazama uwanja. Mechi haijaisha. Wasichana bado wanakimbia.

Tuliza moyo, nikueleze lilivyoanza.

Gunnvor alikuwa akipakia samaki kiwandani. Kupiga video za timu haikuwa ajira. Ilikuwa dugnad, kama waitavyo kazi ya wote isiyo na malipo: mzazi mmoja anafua jezi, mwingine anakaanga svele, zile chapati nene za maziwa zinazouzwa kibandani, na Gunnvor akaangukiwa na kamera. Hakuna anayekataa dugnad. Ukikataa, aibu itakufuata hadi dukani.

Kocha wao, Audun, alitaka kila msichana apate vipande vyake kwenye simu kabla ya mazoezi ya Jumatatu. Basi Jumapili Gunnvor alikaa mezani tangu asubuhi, akikata, akiunganisha, akituma. Na Jumapili ndiyo siku pekee aliyokuwa na nafasi ya kukaa na Tiril, binti yake. Nyumba nzima ilikuwa yao wawili.

"Mama, leo tunaenda kuvua?"

"Ngoja nimalize ya golikipa."

"Wiki iliyopita pia ulikuwa kwa golikipa. Hajazeeka tu?"

Tiril hakuwa mchezaji hodari. Alikaa mwisho wa benchi, miguu akiining'iniza, akiingizwa uwanjani timu inaposhinda kwa mbali. Hakuona haya. "Mimi napasha benchi joto," aliwaambia wenzake. "Mkirudi mmechoka, mtakaa kwenye barafu?" Wote walicheka, na mama yake alimpenda kwa maneno hayo kuliko angempenda kwa mabao mia.

Jumamosi moja, watu walipokwisha kutoka, Gunnvor alibaki peke yake kwenye roshani akifungasha. Synnøve, mama wa kibandani, alikuwa amemwachia kahawa na svele yenye siagi, maana desturi ni kwamba afanyaye dugnad analishwa. Gunnvor hakuwa na hamu ya kula. Aliiwaza Jumapili yake, akaiweka sahani ukingoni, akasema kwa sauti katika ukumbi mtupu, "Anayeitaka dugnad hii na aichukue. Chakula chake hiki hapa."

Akacheka mwenyewe. Alipoinama kufunga begi alisikia nyuma yake *kach*, kama mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Akageuka. Sahani ilikuwa tupu. Hewa ilinuka jiwe lenye unyevu na sufu iliyolowa.

Kabla hajawasha gari, simu za wasichana nje zilikuwa zinalia. Vipande vyao vimeshafika.

"Gunnvor, we ni mashine!" Synnøve alimwambia dukani. "Umempata nani?"

"Kuna mtu kaichukua ile dugnad."

"Basi usimuulize kitu, asije akairudisha!"

Hivyo ndivyo walivyo watu wa Hestnes. Mtu akishika kazi ya wote, humuulizi yeye ni nani wala kwa nini. Unamshukuru, unamlisha. Gunnvor naye kila Jumamosi aliacha svele ukingoni, na kila Jumapili aliteremka gatini na Tiril, wakavua, wakagombana kuhusu nani kapoteza chambo. Zilikuwa Jumapili tamu. Kwa ajili ya utamu huo alinyamaza alipoyaona mengine.

La kwanza, Tiril hakuwahi kuletewa kipande. "Si ajabu," alisema binti, "niliingia nikafunga kamba za viatu, nikatolewa." La pili, video zilizidi kuwa fupi. Kwanza mapumziko yalikatwa, kisha mpira uliotoka nje, kisha karibu picha zote za benchi. Na siku ile simu ilipotetemeka kabla ya filimbi ya mwisho, Gunnvor alitazama benchi kwenye video, akawaona wasichana wamesogeleana, wamejaa hadi mwisho, na pale anapokaa Tiril pana ukuta tu. Akatazama chini ukumbini. Tiril alikuwepo, anampungia mkono.

Kisha mkasi ukatoka kwenye video, ukaanza kukata siku zake.

Siku moja Gunnvor aliingia garini, akageuza ufunguo, na mara alikuwa mbele ya nyumba yake. *Kach.* Tiril alikuwa kando yake, anamtazama kwa macho mekundu.

"Kwa hiyo unasemaje, mama?"

"Kuhusu nini, mwanangu?"

"Niliyokuambia njia nzima." Sauti yake ilishuka. "Nimekuwa nikilia njia nzima, mama."

Hakuyarudia. Siku zilizofuata vikakatwa vingi: kungoja maji yachemke, kusuka nywele za Tiril, ukimya wao wa usiku kabla ya kulala. Yale yote ambayo ndani yake hakuna linalotokea, na ambayo ndiyo maisha ya mtu na mtoto wake.

Jioni moja Tiril alirudi kutoka mazoezini akasimama mlangoni bila kuvua koti.

"Mama," alinong'ona, "Audun amenipa jezi huku anaangalia nyuma yangu. Kaniuliza nimetoka klabu gani."

Ndipo Gunnvor alipomwita Mons. Mons alikuwa fundi umeme, na watu humwita kimya kimya pale nyumba inapokuwa na jambo lisilotokana na nyaya. Alizunguka vyumba vyote akigusa kuta kwa kiganja, kisha akaketi, na Gunnvor akamweleza yote.

"Ulimlipa?"

"Hapana. Svele tu."

"Ungemlipa ningemtoa leo hii. Kibarua anafukuzwa. Huyu yuko kwenye dugnad, Gunnvor. Umeshaona mtu akifukuzwa dugnad?"

"Anataka nini kwangu?"

"Hataki kitu, na hapo ndipo pananitisha. Anakusaidia. Ulitaka muda, anakutafutia pale ambapo hakuna linalotokea."

"Tiril si mahali ambapo hakuna linalotokea!"

"Najua, dada. Mkasi haujui." Akateremsha sauti zaidi. "Liko jaribio moja. Ichukue kazi mwenyewe. Kaa na mechi nzima kama ilivyotoka kwenye kamera, mtazame binti yako, tangu mwanzo hadi mwisho. Usikate hata punje. Ukimaliza, kazi ni yako tena, na huyo mwenye mkasi hana la kufanya."

Jumapili Gunnvor alifunga mapazia, akamketisha Tiril kando yake, akamshika kifundo cha mkono, akaiwasha mechi. Jana yake alikuwa ameielekeza kamera kwenye benchi muda wote. Tiril alikuwepo kwenye picha, mwisho kabisa, akining'iniza miguu.

"Nipo!" alisema Tiril. "Ona nilivyokaa vibaya."

"Upo, kipenzi. Tulia hapo hapo."

Wakatazama. Hakuna kilichotokea. Tiril wa kwenye picha alijikuna goti, akapiga miayo, akahesabu taa za dari. Harufu ya sufu iliyolowa ikaingia chumbani polepole, na nyuma ya benchi, ukutani, kitu cha kijivu kikaanza kuinama kama mtu anayesoma juu ya bega la mwenzake, na Gunnvor akalitazama lile goti na ile miayo bila kupepesa hadi machozi yakamtiririka, akiuhisi mshipa wa binti yake ukipiga chini ya vidole vyake, akijiambia bado kidogo, bado kidogo tu, na mechi ikaendelea, na benchi likawa lile lile, na dakika zikawa nzito, tupu, hazina bao wala kelele, na akili yake iliyokesha kiwandani ikateleza mara moja tu, na kidole chake cha mkono wa pili, kidole kilichozoea miaka yote kuruka pale pasipo na kitu ili kuokoa muda, kikajongea chenyewe, kikabonyeza kitufe cha kuruka mbele.

"Mama—"

*Kach.*

Gunnvor alijikuta ameshika mto wa kochi, ameukaza sana. Mashavu yake yalikuwa yamelowa, naye hakujua kwa nini. Akafungua mapazia.

Hadi leo anapiga video za timu ya Hestnes. Vipande vinawafikia wasichana kabla hawajavua viatu, na Audun anamsifu mbele ya wazazi. "Mtazameni Gunnvor," anasema, "hana mtoto humu, lakini hakosi hata Jumamosi moja." Gunnvor hutabasamu. Ana Jumapili nzima ya kwake, na hajui aifanyie nini.

Wewe uliyesikiliza mpaka hapa, nakuomba jambo moja, nalo si kubwa. Kulikuwa na mtoto, aliitwa Tiril, na alikaa mwisho wa benchi. Tafadhali, mkumbuke.