Kurasa za Mguu wa Meza

Kitabu kilikuwa na miaka miwili tangu kichapishwe, lakini asubuhi ile kilinuka wino mbichi. Mhakiki alikinusa, akadhani bintiye amemwaga wino wa kalamu, akakirudisha chini ya rundo.

Kazi yake ilikuwa kuhakiki vitabu vya katuni katika gazeti la kila Jumamosi. Majini, roboti, safari za kwenda nyota za mbali, vyote vilipita mikononi mwake. Wasomaji hawakujua kwamba alivisoma kichwa na mkia tu, kurasa kumi za mwanzo na tatu za mwisho, na tumbo akalibuni. Mkewe alipomuuliza, alijibu kwamba mpishi hamalizi sufuria ili ajue chumvi. Uvivu ukipata msemo hujiona hekima.

Kitabu hiki kilisimulia mji ulioingiliwa na jini mla sauti. Mchoraji alikitolea jasho miaka saba. Mhakiki alikuta viputo vya maneno vitupu kurasa za mwanzo, akaandika kwamba wahusika hawana sauti na mchoraji amesahau kuwapa la kusema. Hakujua kwamba katikati watu hurudishiwa sauti zao na viputo hujaa. Angejuaje? Kurasa nane za katikati alikuwa amezichana, akazikunja, akazisokomeza chini ya mguu wa meza yake uliokuwa ukiyumba. Kwa sababu ya uhakiki huo, mchapishaji alikiondoa kitabu madukani. Mchoraji akafa mwaka uleule, na waliomzika walisema alikuwa ameacha kuongea na mtu.

Asubuhi hiyohiyo ya wino, binti yao wa miaka sita alifungua mdomo kuomba chai na hakikutoka kitu. Alijaribu tena, akacheka, akidhani ni mchezo. Kufikia adhuhuri alikuwa hacheki.

Madaktari wawili walimulika koo lake wakasema ni zima. Mhakiki aliporudi chumbani kwake alisikia kalamu ikikwaruza karatasi, kwaru, kwaru, na hakukuwa na mtu, na sauti ilitoka chini ya rundo, na alipokivuta kitabu kile alimwona kwenye ukurasa wa tatu mtoto ambaye hakuwapo zamani, mwenye pengo la jino na sare ya shule aliyoijua kwa sababu aliinunua mwenyewe, na juu ya kichwa cha mtoto huyo kulikuwa na kiputo chenye wino uliokuwa bado unang'aa: Baba, naomba chai.

Mkewe ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja mtu mzima asiye na maneno mengi. Alikipapasa kitabu kama anayepima homa, kisha akanong'ona.

"Ulikihukumu bila kukisoma. Sasa kisome chote, kwa sauti, mtoto akiwa mbele yako. Kilichomo ndicho kitamrudisha."

"Na pasiposomeka, Bibi?" aliuliza mhakiki, na mkewe akageuka kumtazama.

"Nyamaza. Ukinyamaza, atarudi kidogo kidogo, hata kama ni kwa miaka. Ukibuni, atabaki na ulichobuni tu."

Walinyanyua meza. Kurasa nane zilikuwa zimekunywa maji ya deki kila wiki kwa miaka miwili. Mkewe alizibandua moja moja kwa kisu cha siagi, akilia bila kutoa sauti.

Alisoma. Kwa mara ya kwanza maishani alisoma kila picha, na kitabu kilikuwa kizuri, naye akaona aibu. Hata kurasa za mguu wa meza, zilizokuwa ukungu mtupu usiosomeka, alizipita kimya, zote saba za kwanza, kama alivyoagizwa. Katika ukurasa wa nane palibaki umbo la mtoto na kiputo kilichofutika. Bintiye alikuwa amefungua mdomo akisubiri. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Kalamu ilikwaruza upesi upesi. Kunyamaza mbele ya ukurasa ni kitu ambacho hakuwahi kujifunza.

"Asante, baba," alisoma mahali pasipo na kitu. "Mimi sijambo."

Kalamu ikanyamaza. Harufu ya wino ikaondoka. Mganga alichukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

"Asante, baba," akasema mtoto. "Mimi sijambo."

Walimkumbatia, wakalia kwa furaha. Mama yake akamuuliza anataka kula nini.

"Asante, baba. Mimi sijambo."

Mwaka umepita. Mhakiki haandiki tena. Wiki iliyopita binti yake alianguka kwenye ngazi za shule, akavunjika mkono, mfupa ukatokeza nje. Mhakiki alimkuta amekaa sakafuni, machozi yakimchuruzika, midomo imemkauka kwa maumivu. Alimwona baba yake, akamnyooshea mkono mzima, akamwambia maneno yale yale.