Jumatatu Mama Hakanyagi Chini

Kazi ile niliipata kwa simu, Jumanne mchana, nikiwa nafua mapazia. Aliyepiga alijiita Injinia. Alisema anatafuta mpaka rangi asiyechelewa na asiyeongea sana. Nikamwambia kuchelewa sichelewi, hilo la pili tutazungumza tukionana. Akacheka, akaniambia nifike kesho na brashi zangu.

Jengo lenyewe nililijua. Kilikuwa kiwanda cha zamani cha nyuzi, matofali mekundu, ghorofa tatu, na bomba la moshi lililoota majani kileleni. Kilifungwa nikiwa shule ya msingi. Sasa kuna watu walikuwa wanakigeuza: chini maduka, katikati ofisi, juu nyumba za kuishi. Bango la nje lilionyesha mume na mke wanakunywa chai kwenye roshani huku wakicheka, sijui walichekeshwa na nini.

Mama yangu alifanya kazi humo alipokuwa msichana, yeye na dada yake. Huyo dada yake, mama mkubwa wangu, kwetu hatajwi. Alitoroka na dereva wa lori, ndivyo tulivyoambiwa, na babu akapiga marufuku jina lake nyumbani. Hata kwenye picha walimkata kwa mkasi. Imebaki moja tu, mama amesimama anatabasamu, na begani kwake kuna mkono usio na mwenyewe.

Jambo jingine la mama ni hili: Jumatatu hakanyagi chini. Tangu nimepata akili, Jumatatu asubuhi mama hukaa kitandani, miguu juu, mpaka saa nne ipite. Ameolewa hivyo, ametuzaa hivyo, amekuwa mjane hivyo. Sisi watoto tulikuwa tunamtania kwamba nyumba ikiungua Jumatatu itabidi tumbebe na kitanda chake. Na yeye alikuwa anacheka na sisi. Ukimuuliza sababu anasema, "Kila mtu ana wazimu wake, wa kwangu ni wa mara moja kwa wiki."

Jioni ile nilimwambia nimepata kazi kiwandani kwao. Alikuwa anashona kifungo.

"Hawabomoi?" akauliza.

"Wanakarabati tu, mama."

"Hata kuta za chini hawazibomoi?"

"Mimi napaka rangi, mama, kubomoa kuna wenyewe." Akarudi kwenye kifungo chake.

Kesho yake Injinia alinipokea mlangoni, viatu vyake safi kama vya bwana harusi. Kitu cha kwanza alichonionyesha ni ubao mkubwa aliouchimbua kwenye takataka, akausafisha na kuutundika ukutani pale pa kuingilia. Ulikuwa na misumari mistari kwa mistari, na chini ya kila msumari namba. Mwashi mmoja mtu mzima, ambaye baba yake alifanya kazi humo, ndiye alinieleza. Kila mfanyakazi alikuwa na kipande cha shaba chenye namba yake. Ukiingia unakitundika, ukitoka unakitoa mwenyewe, kwa mkono wako. Zamu ikiisha nyapara hakagui mtu. Anatazama ubao tu, akiuona mtupu anajua wote wametoka, anafunga milango.

"Na ukisahau kutoa cha kwako?" nikauliza.

"Watakutafuta jengo zima. Ubao ukisema umo, umo."

Nilipewa duka la mwisho, chini, upande wa bomba la moshi. Ukuta wa nyuma ulikuwa mpana na mzuri, nikaupiga msasa, nikaupaka mkono wa kwanza. Asubuhi nikaukuta umeota manyoya. Nilidhani ni ukungu. Nikagusa. Pamba. Nyuzi fupi fupi za pamba zimeganda kwenye rangi, kuanzia usawa wa goti kushuka chini. Nikawatukana mafundi wa dari kimoyomoyo, nikapiga msasa upya.

Ijumaa hivyo hivyo. Jumamosi hivyo hivyo. Nilifunga dirisha na mlango, nikatandika karatasi. Pamba ilitoka tu. Na mimi si mtu wa mashetani, mambo hayo nawaachia wenye nafasi. Lakini nilijiuliza pamba inatoka wapi ndani ya jengo ambalo halijaona pamba zaidi ya miaka thelathini.

Jumatatu, kama saa tatu, nilikuwa juu ya ngazi. Nimevua viatu, ngazi naipanda peku, nimezoea. Nikahisi kitu kinagonga kwenye nyayo. Tatu. Kimya. Tatu tena. Sikusikia kwa masikio. Kilipanda kutoka sakafuni, kikapita kwenye ngazi, kikaniingia miguuni. Nikashuka, nikauliza nani anapiga nyundo. Hakuna aliyekuwa anapiga nyundo. Saa nne kikanyamaza.

Jioni nilimsimulia mama kama kichekesho. Hakucheka.

"Ukuta upi?"

"Wa duka la mwisho chini, upande wa bomba la moshi."

Akaweka kikombe mezani polepole. Aliingia chumbani, akatoka na kopo la poda. Ndani kulikuwa na kipande cha shaba, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Namba 214.

"Cha dada," akasema. Baada ya hapo alinong'ona tu, ikabidi nimsogelee.

"Jumamosi ile aliniomba nimtolee kipande. Alitaka kupitia stoo ya pamba chafu, kule chini kulikuwa na kimlango cha kutokea barabarani. Dereva wake alikuwa anamngoja stendi, waende kwa mjomba wakaombewe radhi, waoane. King'ora kilipolia nikatoa changu, 215, nikatoa na chake. Nyapara akatazama ubao. Mtupu. Akafunga."

"Na kile kimlango?"

"Walikiziba juzi yake kwa nje. Hatukujua."

Mama alikuwa anakisugua kile kipande kwa kidole gumba.

"Jumatatu mashine zikawaka. Kwenye zile mashine husikii hata jina lako, tulikuwa tunaongea kwa mikono. Lakini tulikuwa tunafanya kazi peku kwa ajili ya joto. Nikamsikia kwa nyayo. Tatu. Halafu tatu."

"Mama. Ukafanya nini?"

"Nilivaa viatu."

Nilitamani asiendelee. Akaendelea. Baba yao alikuwa ameshaambiwa binti katoroka, na nyumba nzima iliwaka hasira. Mama angesema, angeulizwa nani alitoa kipande cha mtu mwingine. Alikuwa na miaka kumi na saba. Akajiambia ni mashine. Saa nne pakanyamaza, na mchana waashi wakaja kuziba mlango wa stoo, kwa sababu mbele yake palikuwa panawekwa mashine mpya. Mwezi uliofuata yule dereva alimvizia getini. Akamuuliza, "Shemeji, mbona dada yako hakuja?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia amepata mwingine."

Niseme kweli, nilimchukia. Nilimtazama mama yangu, aliyenisuka nywele na kunivusha barabara, nikamchukia kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha nikaiona miguu yake. Alikuwa ameiinua juu ya kiti, ameikumbatia, na haikuwa hata asubuhi. Nikaanza kulia, na sikujua namlilia nani kati yao wawili.

Asubuhi tulikwenda pamoja. Injinia alimwamkia vizuri, akamsikiliza, kisha akatoa sauti ile wanayotumia kwa wazee na wagonjwa.

"Mama, pole sana. Lakini ramani haionyeshi chumba nyuma ya ule ukuta. Na huo ukuta siruhusiwi kuugusa, duka lina mpangaji tayari."

"Sikuombi ruhusa, mwanangu," mama akasema. "Nimekuja kurekebisha kosa langu."

Akaenda kwenye ubao. Akatafuta namba kwa kidole, akakitundika kipande kwenye msumari wake. Kilining'inia pale peke yake, ubao mzima mtupu.

"Bado yumo ndani," akasema kwa nguvu, kama mtu anayetoa taarifa kazini. Kisha akatugeukia. "Vueni viatu."

Mwashi ndiye aliyeanza. Wengine wakafuata. Injinia alikuwa wa mwisho, akavua viatu vyake safi na soksi, akazikunja vizuri akazitia ndani, akasimama pale vidole vyake vimejikunja kwenye saruji. Mashine ya kukata vigae ikazimwa.

Tatu.

Kimya.

Tatu.

Injinia aliinua mguu mmoja, kisha akaurudisha chini. "Leteni nyundo," akasema.

Ukuta ulikuwa mwembamba kuliko tulivyodhani. Tofali la nne tu, pamba ikaanza kumwagika. Nyuma yake kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, marobota yameoza, na alikuwa amekaa hapo hapo, ameegemea ukuta niliokuwa naupaka rangi. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu. Kiatu cha pili alikuwa amekishika mkononi, na kisigino chake kilikuwa kimelika chote mpaka kwenye misumari. Mwashi alivua kofia. Mama aliingia kwa magoti, akakaa kando yake, akaanza kumtoa pamba kwenye kitambaa chake cha kichwa, uzi mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kumwambia aharakishe.

Polisi walikuja, wakaandika, wakamchukua, wakaturudishia. Tulimzika Jumamosi. Waliokuja ni wachache, maana wengi waliomlaani walishatangulia. Nilimsikia mama akilitaja jina lake kaburini, nikagundua nilikuwa sijawahi kulisikia. Kabla ya maziko alipitia kwenye jengo, akakitoa kile kipande msumarini. "Dada, zamu imekwisha," akamwambia. "Toka." Tukakizika naye.

Jumatatu niliamka nikasikia sufuria zinagongana jikoni. Nikaenda. Mama alikuwa amesimama anachemsha chai, peku, kwenye sakafu, saa tatu asubuhi. Miaka yangu thelathini na minane sikuwahi kuona kitu hicho. Nilisimama mlangoni kama mjinga, nikitabasamu, nikiogopa nikisema kitu ataikumbuka miguu yake.

"Kaa tunywe," akasema. "Umekonda wiki hii moja."

Nikakaa. Akamimina chai. Kisha akasimama kimya, birika mkononi, kichwa kimeinama upande, anasikiliza.

"Nini, mama?"

"Yeye ametoka," akasema polepole. "Mimi bado nimo."

Akaketi. Akaniomba nimletee viatu vyake. Nilikwenda chumbani, vilikuwa chini ya kitanda, sikuchelewa hata kidogo. Niliporudi chai yake ilikuwa bado inatoa moshi na yeye, pale pale kitini, alikuwa ameshaondoka duniani. Nikapiga magoti nimvishe hivyo viatu, kwa sababu aliviomba na sikujua la kufanya jingine. Nyayo zake zilikuwa nyeupe. Zilikuwa zimejaa pamba. Sakafu ile niliipiga deki mwenyewe usiku uliotangulia.

Baada ya arobaini nilirudi kumalizia kazi. Injinia mwenyewe alinifungulia mlango. Akanionyesha ubao kwa kidevu. Msumari wa 215 ulikuwa na kipande. Mama aliwahi kuniambia kiwanda kilipofungwa vipande vilirudishwa, hata vya walioacha kazi zamani, vikayeyushwa mbele yao, na chake kilikuwemo. Nilikigusa. Kilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu sasa hivi.

"Nilidhani umekiweka wewe," Injinia akanong'ona.

"Sijakiweka."

"Nikitoe?"

"Usithubutu," nikamwambia. "Cha dada yake kilitolewa na mkono usio wake."

Sasa watu wamehamia. Chini wanauza viatu vya watoto, na ghorofani kweli kuna mke na mume wanaokunywa chai kwenye roshani. Nimebaki pale kama fundi wa matengenezo, Injinia alinipa hiyo kazi bila kuombwa. Kila zamu yangu ikiisha nasimama mbele ya ubao namwambia, "Mama, muda umefika, twende nyumbani." Kipande hakitikisiki.

Mama aliinua miguu miaka arobaini na mitatu asisikie. Mimi siinui. Jumatatu saa tatu naingia stoo yangu pale chini, navua viatu, naweka nyayo zangu kwenye saruji, nangoja. Huchelewa kidogo, kama ana aibu. Kisha anagonga. Tatu. Namjibu kwa kisigino, tatu, ajue safari hii kuna mtu amesikia. Tunafanya hivyo mpaka saa nne, halafu nakung'uta pamba miguuni, navaa viatu, narudi kazini.